Maiti wa Tatu

Nilikubali kuwa maiti kwa sababu maiti hasemi. Kaka alipokuja kuniomba, hilo ndilo alilolitanguliza, akijua anaongea na nani. Aliniambia sitatamka neno hata moja, nitalala tu kwenye majani nimefumba macho, tumalize twende tukale. Mimi shuleni nimewahi kukubali sifuri ili nisisimame mbele ya darasa kusoma kitu nilichokiandika mwenyewe. Mtu akiniletea kazi ambayo sifa yake kubwa ni kunyamaza, naona imeumbwa kwa ajili yangu.

Huyu ninayemwita kaka ni mtoto wa mama mkubwa, dada yake mama. Huku ughaibuni wao wanakaa Woodbury, kwenye zile nyumba mpya zinazofanana mpaka mgeni anagonga mlango wa jirani. Sisi tuko Brooklyn Center. Kaka kamaliza chuo, ana kazi ya kompyuta anayoidharau, na kwa muda mrefu amekuwa akitengeneza filamu ya muuaji. Muuaji wake ni Mwafrika mpole mwenye gari kuukuu, anayewapa lifti watu wa kanisani wakati wa baridi, basi likichelewa. Anaowapa lifti hawafiki nyumbani. Anawanyonga kwa skafu, kisha anakaa nao kwenye gari akiwasimulia habari za siku yake, taratibu, kama mume na mke. Sehemu hiyo ya kuwasimulia ndiyo iliyonitia baridi nilipoisoma. Damu ilikuwa nyanya ya kopo na sharubati nyekundu, taa zilikuwa za gereji ya mama mkubwa, kamera ya kuazima. Lakini yale maongezi ya muuaji na maiti hayakuhitaji hela. Kaka aliyaandika kutoka kichwani mwake, na mimi nilijiuliza kichwa hicho kinalalaje.

Nilimwekea sharti moja. Nilimwandikia kwenye simu kwa sababu kumwambia usoni nilishindwa: bibi asije akaniona nimekufa. Bibi yetu yuko Muheza. Yeye ndiye aliyenilea mpaka nilipoletwa huku nikiwa na miaka tisa, na moyo wake ni wa dawa za kila asubuhi. Kaka akanijibu kwa kidole gumba. Si neno, kidole gumba.

Tulipiga picha kando ya mto, kule Inver Grove Heights, majani yakiwa yameshadondoka yote na ardhi ikiwa na ubaridi ule unaopita kwenye koti na kukaa mgongoni. Nilikuwa maiti wa tatu. Aliyecheza muuaji ni Mkenya mmoja anayefanya kazi ya kuhudumia wagonjwa, mtu mwenye huruma kuliko wote niliowahi kukutana nao hapa. Kila mara kabla ya kuninyonga alikuwa ananiambia, "Pole, dadangu. Nikikubana sana unipige kofi." Akishaninyonga, anatakiwa aangalie mto kwa utulivu. Badala yake, kwa mazoea ya kazi, mkono wake ulikuwa unateremka wenyewe kunishika kifundo cha mkono na kupima mapigo. Kaka akawa anafoka kwamba muuaji gani anampima mtu presha. Tukarudia. Akapima tena. Mwishowe kaka alimfunga mikono yote miwili ndani ya mifuko ya koti, na ndivyo inavyoonekana kwenye filamu, na watu wanasema ile mikono mfukoni inatisha.

Sasa, muuaji huyu ana ukuta chumbani kwake, na ukutani amebandika matangazo ya vifo vya watu aliowaua. Tanzia, kama zile zinazozunguka kwenye makundi ya simu: picha ya marehemu katikati, mishumaa huku na huku, njiwa mweupe juu, na ule mstari wa Ayubu chini. Kaka akataka ziwe kama za kweli kabisa. Ndipo akaenda kwa mtu anayetengeneza za kweli.

Kila jumuiya ya Watanzania ina mtu wake wa tanzia. Wa kwetu ni baba mmoja mtaratibu sana. Akifa mtu, awe amefia hapa au Singida, anatumiwa picha na jina, na kabla chai haijapoa tangazo limeshatengenezwa, na yeye mwenyewe analirusha kwenye makundi yote ili wafiwa wasihangaike. Hamuulizi mtu swali. Nani anamhoji mfiwa? Unatumiwa picha, unasema poleni, unafanya. Kaka alimtumia picha yangu ya shule na jina langu kamili, akaandika tu, naomba tanzia ya huyu, haraka. Yule baba akasema poleni sana. Kaka akasema asante. Akaiweka simu mfukoni, akaenda kununua kahawa.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mama alikuwa shifti, kwenye nyumba anamolea wazee, na simu wanaiacha kwenye kabati mpaka mapumziko. Mimi nilikuwa nimefumua nywele, kichwa kimesimama kama kichaka, nimevaa suruali ya kulalia. Kengele ikalia. Nikachungulia, nikaona kina mama wamebeba masufuria.

Walikuwa kamati ya misiba. Watu wa karibu wa mama wote walikuwa kazini, kwa hiyo waliotangulia ni hawa, ambao kwa wajibu wao wanajua anwani ya kila nyumba, lakini watoto wa nyumba hizo hawawajui, hasa mtoto kama mimi ninayejificha chumbani wageni wakija. Kwenye tanzia nilikuwa na rasta ndefu na tabasamu la mpiga picha. Mlangoni nilikuwa kitu kingine. Wa mbele akaniangalia, macho yakamlenga machozi, akanivuta kifuani pamoja na mfuniko wa sufuria.

"Pole, mwanangu," aliniambia. "Umebaki wewe sasa. Mama umshike."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini nyuma yake walikuwa wengine, wananitazama wote kwa pamoja, na mimi watu wakinitazama kwa pamoja koo linajifunga lenyewe. Wakapita. Viatu vikajaa mlangoni. Wakasukuma makochi ukutani, wakatandika mikeka waliyokuja nayo, wakazima televisheni, mmoja akaniuliza chumvi iko wapi. Nikamwonyesha. Ndipo nikaiona simu ya mmoja wao juu ya meza, imebaki wazi, na mimi niko pale katikati ya mishumaa, nimelala kwa amani.

Ungekuwa wewe ungesema papo hapo. Najua. Mimi nilikwenda jikoni, nikaanza kupanga vikombe, na kadiri nilivyochelewa ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza pia kwa nini nimenyamaza na vikombe vyangu. Nikampigia mama, simu ikaita kwenye kabati la chuma. Nikampigia kaka, hakupokea. Jikoni kwetu na sebule ni ukuta mmoja mwembamba. Nikasikia ninavyozungumzwa.

Mwanzo walinisifu. Mtoto mtulivu, mtoto wa heshima. Sifa zikaisha upesi, maana hakuna aliyekuwa na habari zangu. Sauti nyingine ikasema kwamba utulivu mwingine ni maringo, kwamba siku moja nilipishana naye dukani sikumwamkia, nikamtazama kama rafu ya unga. Mwingine akauliza kwa sauti ya chini ni nini hasa kilichonipata, kwa sababu tangazo halikusema, na tangazo likinyamaza ujue kuna jambo. Mvulana, mmoja akasema. Au vidonge, watoto wa huku wakikaa kimya hivyo ni vidonge. Mama yake naye, akadakia yule wa dukani, shifti juu ya shifti, mtoto anamlea nani? Wakaguna. Mmoja akamalizia, "Tuyaache. Marehemu hasemwi." Kisha wakaendelea kunisema.

Nilisimama na birika mkononi. Sijawahi kuwachukia watu namna ile. Si kwa ya kwangu, hayo ya maringo nimeshayasikia nikiwa hai. Kwa ajili ya mama, ambaye muda ule alikuwa anamgeuza kitandani mzee wa mtu, na hakuwa na habari kwamba mwanawe amekufa wala kwamba kosa ni lake.

Halafu kwenye simu ya yule aliyenikumbatia mlangoni ikaingia voisi kutoka kwenye kundi, akaicheza kwa sauti kubwa ili wote wasikie.

Alikuwa bibi. Tanzia ilikuwa imefika Muheza. Mjomba anayeishi naye alirekodi na kuituma, sijui kwa nini, labda hakujua afanye nini kingine. Bibi hakuwa analia kama watu wa kwenye filamu. Alikuwa anaita. Ananiita kwa jina ambalo yeye peke yake ananiitia, "Mke mwenzangu, weee, mke mwenzangu," kisha kimya, kisha pumzi iliyokwama, kisha anaanza tena kwa chini zaidi. Kwetu bibi na mjukuu wa kike wanataniana hivyo, wanagombea mume mmoja, ambaye ni babu. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namfukuza babu kitandani ili nilale na bibi, na bibi anasema ona huyu mwanamke, kaja juzi tayari ananitolea mume nje.

Birika sijui niliiweka wapi. Nilitokea sebuleni, nikasema, "Ni mimi."

Hawakuelewa. Mmoja akanisogezea nafasi nikae.

"Ni mimi huyo kwenye picha. Sijafa. Ni filamu. Mpigieni bibi."

Aliyenisema kuhusu unga alikuwa mwepesi kuliko wote kuinuka. Alinishika uso, akaugeuza kwenye mwanga, akalinganisha na simu, akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti ile ile niliyoisikia ukutani. Wengine wakaanza kucheka kile kicheko cha watu walioponea. Mmoja akanipiga begani akisema aliyezushiwa kifo huishi sana, basi nitawazika wote pale. Nikamjibu kwamba natumaini. Hakusikia, au alijifanya.

Mjomba alipopokea, mambo yakawa magumu kuliko nilivyofikiri. Kwetu mzee haambiwi msiba hivi hivi. Anaambiwa fulani anaumwa kidogo, kesho kazidiwa, keshokutwa ndipo ukweli. Bibi ameshapelekwa hivyo kwa mdogo wake na kwa mwanawe wa kwanza. Wote wawili aliambiwa ni wazima ilhali wameshaoshwa tayari kwa kuzikwa. Kwa hiyo mjomba alipomwambia mtoto yuko hai, ni uzushi, yeye alisikia kitu anachokijua. Tukamfungulia vidio, akajifunika kanga usoni. Alisema hataki kuonyeshwa picha ya maiti. Nikasema shikamoo bibi.

"Huyo ni mtoto mwingine," bibi akamwambia mjomba. "Mmemtafuta mtoto mwingine wa kunituliza. Wangu haongei."

Na kweli. Kwa miaka hii yote mama akinipa simu nasema shikamoo, nasema mzima, namrudishia mama. Bibi hakuwa na sauti yangu. Aliyonayo ni ya mtoto wa miaka tisa, na hiyo haipo tena. Nikaona mkono wa mjomba unamshika bibi begani asidondoke kwenye kigoda. Nikaona kanga inapanda na kushuka kwa pumzi zile mbaya. Sebule nzima ilikuwa inanitazama, na wakati huo mlango ulifunguliwa akaingia kaka kutoka Woodbury, na kamera.

Nikapiga kelele kama mtu anayegombana sokoni.

"Wewe mwanamke, umefurahi nimekufa, eti? Ulitaka ubaki na mume peke yako. Basi sijafa. Mwambie mume wangu akaoge, anikatie na hizo kucha, nakuja. Na wewe uhame chumba."

Kanga ikaacha kupanda. Kimya cha usiku wa Muheza, nyenje nje, hatia yangu ya kumtukana mzee mbele ya kamati nzima ya misiba. Kisha jicho moja likatokea pembeni ya kanga.

"Uoge wewe kwanza," bibi akasema, sauti bado ina machozi. "Nywele hizo umetoka kulala na kuku? Mume wangu hachukui mwanamke mwenye miguu ya korongo."

"Atachukua. Wewe meno yamebaki ya kuhesabu."

"Ndiyo aliyoyapenda hayo hayo." Akaanza kulia upya, lakini sasa kilio kingine, na anacheka ndani yake, na anamwambia mjomba ni yeye, ni yeye, mbwa huyu ni yeye.

Mama alifika baadaye na nguo zake za kazi, kuna mtu alimfuata mpaka kule. Alinipapasa mikono yote miwili kutoka bega hadi vidole, akaenda jikoni, akakaa sakafuni. Kina mama waliondoka mmoja mmoja. Masufuria waliyaacha, na mpaka leo yako kwetu, kila moja na plasta yenye jina chini, hakuna aliyekuja kuchukua lake. Mama na mama mkubwa bado wanasalimiana, basi. Kaka alisema kosa ni la mtu wa tanzia. Mtu wa tanzia alikuja mwenyewe kuomba radhi, mpaka nikamwonea huruma. Kaka hakuomba.

Baridi yote ikapita. Filamu ikaisha, na wiki moja kabla ya kuonyeshwa, mama mkubwa akatuita Woodbury tuione, nadhani alitaka kupatanisha. Mama hakwenda. Nilikwenda mimi, asubuhi, nikakaa peke yangu na kaka kule chini walikoweka televisheni kubwa. Nilikuwa nimejiandaa kujiona. Majani, damu ya nyanya, shingo yangu imegeuka vibaya. Nililistahimili hilo. Muuaji akakaa kando yangu, mikono mfukoni, akaanza kunisimulia habari za siku yake.

Chini ya maneno yake ikaingia sauti. Mke mwenzangu, weee. Pumzi iliyokwama. Mke mwenzangu.

Ile voisi ilikuwa imesambaa, kila mtu alikuwa nayo. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuihifadhi kwa kazi.

Nilimwambia aitoe. Akasimamisha picha, uso wangu uliokufa ukabaki pale ukutani, mkubwa kama mlango. Akaanza kunieleza kwa upole, na upole wake ndio nisioutaka. Kwamba hakuna atakayejua ni nani. Kwamba waigizaji wake wakilia utadhani wanapiga chafya, na kilio cha kweli hakinunuliki. Kwamba bibi ni bibi yake pia.

"Basi mwombe," nikasema.

"Nimwombe nini?"

"Kilio chake."

Nilikuwa nimeshabonyeza. Nilimnyooshea simu, inaita, nimeweka sauti kubwa. Muheza ilikuwa jioni, bibi angekuwa barazani anachambua mchele, simu mpya ya mjomba iko karibu naye tangu siku ile ili nimpigie nikitaka. Kaka akacheka kidogo. Simu ikaendelea kuita. Akaniambia nisiwe mtoto. Nilishika tu simu mbele ya uso wake kama mtu anayemwonyesha mwizi picha yake mwenyewe. Na nikaona kitu ambacho sikukitegemea: aliogopa. Angeweza kuichukua sauti ya bibi, lakini kumwambia bibi ameichukua hakuweza.

"Kata simu," alisema.

"Futa kwanza."

"Nitafuta. Kata."

"Futa, naangalia."

Alifuta. Nilisogea mpaka kwenye kompyuta, nikamfanya afute na ile aliyoihifadhi pembeni, na ile ya kwenye simu yake. Alikuwa bado ameshika kipanya bibi alipopokea, akauliza huyu hawara anataka nini saa za watu kupika. Nikamwambia nataka mume wangu. Akaniambia niende zangu. Kaka hakumwamkia.

Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi nyuma ya maduka, hapa hapa Brooklyn Center, watu wakakaa mpaka kwenye ngazi. Wengi walitoka kazini moja kwa moja. Yule muuaji alikaa nyuma akijifunika macho kila anapojiona. Ilipofika zamu yangu, muuaji akasimulia siku yake, akamaliza, na pale palipokuwa na bibi pakabaki tundu. Hakuna muziki, hakuna upepo. Kaka hakuwa amepata cha kuweka. Uso wangu na kimya, muda mrefu, mpaka mtu wa mbele yangu akashusha kichwa.

Baadaye walimzunguka. Mwanamume mmoja akamwambia kwamba kati ya yote, kile kimya ndicho kilichomuua, kwamba ni mtu mwenye kipaji tu anayethubutu kunyamaza namna ile. Kaka akainamisha kichwa kama mtu wa ibada, akasema alitaka watu wasikie uzito wa marehemu.

Nilikuwa nyuma yake na koti langu mkononi. "Mwongo," nikasema. Si kwa kelele, lakini ilisikika, maana waliomzunguka waligeuka wote kwa pamoja, na koo langu halikujifunga.

Yule mama wa unga alikuwa mmoja wao. Alinitazama, akatazama pazia jeupe lililokuwa limebaki bila picha, akanitazama tena. Nikamwamkia, shikamoo mama. Kisha nikamwambia sufuria yake iko kwetu, aje aichukue, mama atakuwepo Jumapili, na mama mwenyewe ana swali la kumuuliza, lile la mtoto anamlea nani.